“Wako kwenye majaribio ya mamlaka”: je, hiyo inatosha kupeleka hela ya kikundi?

SWALI

“Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha wanawake huku Mbagala, tuko 22. Mwaka huu tumefikisha shilingi milioni 18 kwenye akaunti ya kikundi, na wenzangu hawataki hela ikae tu ikisubiri mgawo wa Desemba. Kijana wa mwenzetu mmoja ametuletea kampuni yenye aplikesheni. Unanunua vipande vya nyumba zinazojengwa Kigamboni, kila kipande wanakiita tokeni, na wanalipa asilimia 5 kila mwezi, wanasema ni uhakika. Nilipoomba vibali wakanionyesha cheti cha BRELA, TIN, na barua inayosema wako kwenye majaribio chini ya mamlaka ya serikali. Wakaongeza kwamba tokeni ni halali kwa sababu serikali inazitoza kodi. Je, barua hiyo si ina maana serikali imeshawakagua na hela yetu italindwa? Na kama mambo haya ni ya hatari, kwa nini mamlaka zisiyapige marufuku tu, tukajua moja?”

JIBU

Dada yangu mweka hazina, nianze na jibu lenyewe, maana najua kikao kinakusubiri. Kwa haya uliyonieleza, usitoe hela ya kikundi. Sijaziona karatasi zao, na siwezi kuwaita matapeli watu nisiowajua. Huenda ni vijana wenye wazo zuri kabisa. Lakini katika vitu walivyokuonyesha, hakuna hata kimoja ambacho peke yake kinawapa ruhusa ya kukusanya fedha za watu kwa ahadi ya faida. Na hiyo asilimia 5 ya uhakika inatosha kusimamisha mazungumzo. Sasa nikueleze sababu taratibu, ili wenzako wakikuuliza uwe na cha kuwajibu zaidi ya “mtaalamu amekataa”.

Cheti cha BRELA kinasema jambo moja: kampuni ipo. Ina jina, ina namba, ina wakurugenzi. TIN inasema TRA inaitambua kwa ajili ya kodi. Saluni inaweza kuwa navyo vyote viwili, na duka la vipuri pale Kariakoo vilevile. Kukusanya fedha za umma ili uziwekeze ni shughuli nyingine, na ina mlango wake. Hisa, hatifungani (karatasi za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba), vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, pamoja na wanaoviuza, wanaovisimamia na wanaotoa ushauri juu yake, viko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ile tunayoiita CMSA, iliyotokana na sheria ya mwaka 1994. Kupokea amana na kuendesha mifumo ya malipo ni mambo ya Benki Kuu. Bima ina mamlaka yake, TIRA. Watu wengi wanaumia hapa kwa sababu wanauliza, “Mmesajiliwa?” Wanajibiwa ndiyo, na jibu ni la kweli. Lakini swali lenyewe lilikuwa pungufu. Uliza hivi: “Mna leseni ya nani, ya kufanya kazi gani?”

Sasa hiyo barua ya majaribio. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha swali lako, na kwa sababu maneno “tuko kwenye majaribio” yameanza kutumika kama muhuri wa ubora wakati hayakukusudiwa hivyo.

Sheria nyingi za fedha ziliandikwa wakati dalali ana ofisi, ana daftari, na mteja anakuja kusaini kwa kalamu. Leo kijana anatengeneza aplikesheni inayofanya kazi ya dalali, ya mtunza daftari na ya mshauri kwa wakati mmoja, na sheria haina chumba cha kumweka. Ukimwambia asubiri mpaka sheria ibadilishwe, wazo linakufa, au anaendelea kimyakimya bila mtu wa kumwangalia. Ukimwachia tu, wananchi ndio wanaogeuka kuwa jaribio. Nchi kadhaa zikatafuta njia ya katikati. Uingereza, kupitia msimamizi wake wa huduma za fedha, FCA, ilifungua mpango rasmi wa majaribio mwaka 2016. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya ikaanzisha wa kwake mwaka 2019. Kwetu, Benki Kuu ilitoa kanuni za majaribio ya teknolojia za fedha mwaka 2023.

Mipango hii inafanana sana katika utendaji wake. Kampuni inaomba, inaeleza ni kitu gani kipya inacholeta na mwananchi anafaidikaje. Ikikubaliwa, inafungiwa ndani ya mipaka: muda maalumu, idadi maalumu ya wateja, kiwango cha juu cha fedha. Inatakiwa kuwaambia wateja waziwazi kwamba wako kwenye jaribio. Inapeleka taarifa kwa msimamizi mara kwa mara. Inakuwa na utaratibu wa malalamiko na mpango wa kufunga, yaani namna wateja watakavyorudishiwa chao jaribio likishindikana. Muda ukiisha, msimamizi anaamua kama kampuni iombe leseni kamili, irekebishe, au iache. Ni kama gari lenye alama ya L nyuma: limeruhusiwa kuingia barabarani, lakini alama yenyewe inakwambia dereva bado hajafuzu.

Kwa hiyo, dada yangu, hata barua ikiwa ya kweli, inasema kwamba mamlaka inawatazama. Haisemi kwamba mamlaka imewathibitisha. Na hapo nimechukulia tu kwamba ni ya kweli. Kuna mambo ya kuichunguza kwanza.

La kwanza, ni mamlaka ipi? “Mamlaka ya serikali” si jina la ofisi. La pili, wamekubaliwa au wameomba? Mtu anaweza kupeleka maombi masjala, nakala yake ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA, halafu akaizungusha mtaani kama kibali. Muhuri huo unathibitisha tu kwamba karani ameipokea. La tatu, ni kitu gani kinachojaribiwa? Inawezekana kabisa kampuni ikawa inajaribu mfumo wa kupokea malipo kwa simu, na jaribio hilo likawa halihusu hata kidogo uuzaji wa vipande vya nyumba. Mfumo wa malipo unaweza kufanya kazi vizuri kabisa katika kuhamisha hela yako kwenda mahali pabaya. La nne ni mipaka. Kama wanaruhusiwa wateja wachache na kiasi kidogo, kwa nini wanatafuta kikundi cha watu 22 na milioni 18 kwa mkupuo? Kampuni iliyo ndani ya majaribio ya kweli hukuambia ukomo wake kabla hujauliza, kwa sababu imeamriwa kufanya hivyo.

Kuhusu hela kulindwa, kuna mkanganyiko ambao nakutana nao kila mara. Ulinzi mnaoufahamu ninyi ni ule wa benki: benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana inamlipa mwenye amana mpaka shilingi milioni 7.5. Kiwango hicho kilipandishwa mwaka 2023. Kabla ya hapo kilikuwa milioni 1.5. Lakini hiyo ni bima ya amana iliyoko benki. Haifuati hela ikishatoka kwenda kununua hisa, vipande au tokeni. Katika uwekezaji, hakuna mamlaka duniani inayokurudishia hasara iliyotokana na bei kushuka.

Wanalinda nini basi? Jumuiya ya kimataifa ya wasimamizi wa masoko ya dhamana, IOSCO, ambayo CMSA yetu ni mwanachama wake, imeweka malengo matatu: kumlinda mwekezaji, kuhakikisha soko ni la haki na la wazi, na kupunguza hatari inayoweza kuangusha mfumo mzima. Yakishushwa mpaka mtaani kwenu Mbagala, malengo hayo yanageuka kuwa mambo mawili ya kushikika: uambiwe ukweli wote kabla ya kutoa hela, na mali yako isichanganywe na ya mwenye kampuni.

Ukweli huo unakaa kwenye waraka wa matarajio. Kampuni inayotaka kuuzia umma hisa au hatifungani inaandika biashara yake, hesabu zake zilizokaguliwa, madeni yake na hatari zake, na CMSA inapitia kabla ya mauzo. Fungua waraka wowote wa aina hiyo utakuta maneno mazito kurasa za mwanzo: kwamba kuidhinishwa na Mamlaka si pendekezo la kununua, na Mamlaka haibebi dhamana ya usahihi wa kila kilichoandikwa. Msimamizi halali anakwambia mwenyewe ukomo wa ulinzi wake. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 850 kila moja, na maelfu ya Watanzania walinunua, wengi kwa mara ya kwanza maishani. Kila kitu kilipita kwenye utaratibu. Hata hivyo bei baadaye ilikaa kwa muda mrefu chini ya 850. Aliyeuza wakati huo alipata hasara, na hakuna ofisi iliyomfidia, kwa sababu hakudanganywa. Soko liliamua vile. Lakini hisa zake zilikuwepo, kwa jina lake, na angeweza kuziuza siku aliyotaka kama mnunuzi yupo. Ukiielewa tofauti hiyo, umeelewa usimamizi wa masoko ya mitaji.

Na hisa hizo zilikuwepo kwa sababu ya jambo la pili, la mali kutochanganywa. Ukinunua hisa kupitia dalali mwenye leseni hapa Dar es Salaam, umiliki wako hauandikwi kwenye daftari la dalali. Unafunguliwa akaunti ya CDS, yaani akaunti yako kwenye hifadhi kuu ya soko, na hisa zinaandikwa humo kwa jina lako. Dalali akifunga ofisi kesho, hisa zako ziko palepale, unahamia kwa dalali mwingine. Mifuko ya vipande nayo ina benki mtunza mali, tofauti na meneja anayeamua wapi pa kuwekeza: anayeamua hashiki hela, na anayeshika hela haamui. Utaratibu huu unaonekana wa kuchosha mpaka siku unapokosekana. Novemba 2022, FTX, moja ya kampuni kubwa duniani za kubadilishia sarafu za kidijitali, ilianguka ndani ya siku chache. Wateja walikuwa wakiona salio kwenye simu zao kama kawaida, kumbe fedha zao zilikuwa zimepelekwa kwa kampuni ndugu, Alameda Research. Mwanzilishi wake alihukumiwa miaka 25 jela mwaka 2024. Aplikesheni yake ilikuwa nzuri, na ilitangazwa na watu maarufu.

Basi waulize hao wa Kigamboni: hela yetu ikitoka, inaingia akaunti ya nani? Hati ya kiwanja ina jina la nani? Huu si uchokozi. Ardhi yetu kisheria ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Unachomiliki ni haki ya kuikalia na kuitumia, na haki hiyo inaonekana kwenye hati na kwenye daftari la msajili. Kama hati ina jina la mkurugenzi mmoja, au haipo kabisa na kuna karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, basi tokeni zenu hazijafungwa kwenye nyumba yoyote. Mtakuwa mmenunua picha ya nyumba kwenye simu.

Wamekwambia tokeni ni halali kwa sababu zinatozwa kodi. Hapa wamechukua ukweli wakauvisha nguo isiyo yake. Ni kweli Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio (inayokatwa kabla malipo hayajakufikia) ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Ni kweli pia kwamba Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo la kuwatahadharisha wananchi kuhusu sarafu za mtandaoni, ikisema si fedha halali hapa nchini. Mambo hayo mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Mtoza kodi anafuata kipato popote kilipo; hatoi leseni ya kukusanya fedha za watu, na risiti yake haiwezi kuwa kibali cha CMSA.

Halafu, kuliita jambo tokeni hakubadilishi asili yake. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ambayo wasimamizi wa masoko bado wanaitumia mpaka leo. Kampuni ya Howey huko Florida ilikuwa inauzia watu vipande vya shamba la michungwa, pamoja na mkataba kwamba kampuni ndiyo itakayolima, itavuna na kuuza, kisha mnunuzi apewe sehemu ya faida. Ilidai inauza ardhi. Mahakama ikatazama yanayofanyika badala ya majina: watu wametoa fedha, kwenye shughuli ya pamoja, wakitarajia faida itokanayo na juhudi za watu wengine. Hiyo, ikasema, ni dhamana ya uwekezaji, yaani kitu cha jamii ya hisa na hatifungani, na lazima ifuate sheria za dhamana. Uamuzi huo si sheria yetu, lakini ni kioo kizuri cha kujitazama. Nyumba za Kigamboni: mnatoa hela, mnachangia na wengine, mnangoja faida, na kazi yote inafanywa na kampuni. Nunua kuku tukufugie, nunua heka ya tikiti tukulimie: mengi ya hayo tuliyoyaona nchini yana umbo hilohilo. Yenye umbo hilo yaulizwe kwanza kwa msimamizi wa masoko ya mitaji, yawe kwenye karatasi au kwenye simu.

Na sasa hiyo asilimia 5. Milioni 18 kwa asilimia 5 ni shilingi 900,000 kila mwezi, yaani milioni 10.8 kwa mwaka, asilimia 60, kabla hata ya kuiacha faida izae faida. Serikali ilipoanza kuuza hatifungani ya miaka 25 mwaka 2021, riba yake ilikuwa asilimia 15.95 kwa mwaka, na watu waliiona nono kwelikweli. Milioni 18 ingekupa shilingi 2,871,000 kwa mwaka mzima, na hapo ni serikali ndiyo inayodaiwa. Mtu anayekuahidi karibu mara nne ya hiyo, bila hatari, anapaswa kukueleza fedha inatoka wapi. Nami nitakuuliza swali ambalo ningependa ulipeleke kwao neno kwa neno: nyumba inayojengwa haina mpangaji, kodi ya kunilipa mwezi ujao analipa nani?

Wasipokuonyesha kipato kingine, jibu ni moja. Inatoka kwenye mtaji, wako au wa walioingia baada yako. Wakubwa kidogo mtakumbuka DECI mwaka 2009, watu wakihimizwa “kupanda” na kuahidiwa “kuvuna”. Waliotangulia walivuna kweli, na ushuhuda wao ndio ulioleta umati. Kisha serikali ikaingilia, viongozi wakafikishwa mahakamani, na maelfu wakabaki na stakabadhi mkononi. Upatu wa namna hiyo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo mwenzenu mmoja akija kuwaambia, “Mimi nimeshalipwa miezi miwili mfululizo,” msimwone mwongo. Amelipwa. Ila malipo yake hayathibitishi kwamba kuna biashara, kwa sababu katika upatu, walioingia mwanzo ndio hulipwa.

Uliuliza kwa nini wasipige marufuku. Nakuelewa, ukiwa na hela ya watu mkononi marufuku inaonekana ni huruma. Lakini nikuonyeshe upande wa pili, ambao mimi naujali sana. Biashara ya hisa ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1998, mwenye kutaka kununua alilazimika kufika kwa dalali mjini. Mama lishe wa Songea hakuwa na njia rahisi. Leo soko lina Hisa Kiganjani, na mtu anaweka oda kwa simu. Kenya mwaka 2017 iliuza hatifungani ya serikali iitwayo M-Akiba kupitia simu, kuanzia shilingi 3,000 za Kenya. Hatifungani za miaka ya karibuni kama Jasiri ya NMB ya mwaka 2022, iliyolenga biashara za wanawake, nazo zilikuwa kitu kipya kilichohitaji msimamizi aliye tayari kujifunza. Kila kitu kipya kingefungiwa kwa kuwa ni kipya, watu kama ninyi ndio mngebaki nje, na wenye fedha wangeendelea kupita mlango wa mbele.

Tena marufuku haiui tamaa wala uhitaji. Lile tangazo la 2019 halikuzuia watu kununua sarafu za mtandaoni. Waliendelea kuuziana wenyewe kwa wenyewe, na aliyetapeliwa akaona haya au akaogopa kwenda kulalamika. Msimamizi anayejua nani anafanya nini ana nafasi ya kumsimamisha. Asiyejua hupata habari pale watu wanapolia.

Nisikufiche udhaifu wa njia hii pia. Majaribio kwa wateja wachache hayaonyeshi matatizo yanayojitokeza wateja wakifika laki moja. Barua ya majaribio hutumika vibaya kama tangazo, ndicho hasa kilichokukuta wewe. Na msimamizi haoni ndani ya makundi ya WhatsApp, ambako matoleo mengi ya namna hii huuzwa. Hutegemea mtu kama wewe amfikishie habari. Ningependa orodha za wenye leseni na walio kwenye majaribio zisambazwe zaidi kwa Kiswahili chepesi, mpaka redioni na kwenye mikutano ya mitaa, maana ndiko maamuzi haya yanakofanyika.

Tuje kwenye milioni 18. Kinachoamua hapa ni Desemba. Hela inayotakiwa kugawanywa mwisho wa mwaka haipaswi kwenda mahali isipoweza kurudi kwa wakati. Hatifungani za muda mrefu, ambazo unaweza kuanza na milioni moja, ni nzuri kwa fedha ya miaka. Ukihitaji kutoka mapema unaweza kuziuza sokoni, lakini kwa bei ya siku hiyo, ambayo huenda ikawa chini ya uliyonunulia. Hazifai kwa mgawo wenu. Dhamana za serikali za muda mfupi, zile zisizozidi mwaka, zinaingia vizuri zaidi mkichagua muda unaoisha kabla ya mgawo. Mifuko ya vipande kama Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko hiyo, inapokea vikundi na inakuruhusu kutoa ndani ya siku chache za kazi. Faida yake haina ahadi ya kiwango maalumu, ila huwa mnaona bei ya kipande ikitangazwa. Akaunti ya muda maalumu benki nayo ni tulivu. Kama ingekuwa hela yangu na mgawo ni Desemba, ningeigawa kati ya mfuko wa ukwasi na dhamana za muda mfupi, na ningewaambia wenzangu mapema kwamba faida itakuwa ya kawaida.

Mwanakikundi akisema bado anaipenda aplikesheni ile, mjibu hivi: leseni ikionekana, aingie kwa hela yake binafsi, kiasi ambacho kikipotea hakitamzuia kulipa ada ya mtoto. Hela ya kikundi ina katiba, ina kikao na mihtasari, na wewe mweka hazina ndiye utakayeulizwa. Maamuzi yoyote ya kuwekeza yapite kikaoni na yaandikwe.

Kuna hatua ambazo maandishi yangu hayawezi kukufanyia. Nenda CMSA wewe mwenyewe au waandikie, ukiwa na jina kamili la kampuni kama lilivyo kwenye cheti na nakala ya ile barua, uulize kama kampuni hiyo ina leseni na ya shughuli gani. Barua ikitaja Benki Kuu, uliza Benki Kuu. Omba jibu la maandishi. Kwa upande wa kiwanja, chukua namba ya hati mkafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, na mpate mwanasheria wa kuusoma mkataba kabla ya saini yoyote. Gharama yake kwa watu 22 si kubwa. Wakikataa kutoa namba ya hati, au wakikuambia ofa inaisha Ijumaa, hapo huhitaji tena mwanasheria.

Na kama yupo kati yenu aliyekwisha kutuma, asingoje kuona kama mwezi ujao watalipa. Aombe hela yake kwa maandishi leo, apige picha za salio, jumbe na miamala yote kabla aplikesheni haijazimwa, awapigie benki au mtandao wa simu aliotumia, kisha afungue jalada polisi na kuiarifu CMSA. Ujumbe wa utapeli uliokuja kwa simu unatumwa pia namba 15040. Ajihadhari na atakayemfuata baadaye akidai anaweza kumrudishia fedha kwa ada ndogo, kwa sababu majina ya waliotapeliwa huuzwa.

Kijana wa mwenzenu aliyewaletea jambo hili mwiteni pembeni, kwa upole, na mama yake awepo. Muulizeni analipwa kiasi gani kwa kila anayemleta. Anaweza kuwa ameingiza akiba yake yote na anaamini kabisa anawasaidia. Mwambieni asimlete mtu mwingine hata mmoja mpaka jibu la CMSA lifike, kwa sababu likija vibaya, anayeongoza watu kuingia kwenye upatu naye huhojiwa, hata kama hakujua.